Feza ya Sidoni uliyotuachia

Papa wangu,

Nakumbuka meza yetu ya Nyawera, hapa Bukavu, daftari za wanafunzi wako umezisukuma pembeni, na ile sarafu ya zamani katikati. Mulebanoni mwenye duka alikupa kwa sababu ulimufundisha mutoto wake histoire, mambo ya kale. Upande mumoja merikebu ya Sidoni, upande mwingine mufalme wa Uajemi ndani ya gari la farasi. “Wafoinike wa Sidoni walitawaliwa,” ulisema, “lakini merikebu yao hawakuiachilia.” Nilikupenda sana siku ile.

Ulinionyesha pia alama ya patasi. Wafanyabiashara wa kale walikuwa wanakata sarafu, waone kama ni feza mupaka ndani. “Sura ya mufalme haitoshi, mwanangu. Lazima ukate.”

Vita ikafika, shule ikafungwa, ukapanda boti ya Minova kututafutia mahali pa kukimbilia. Ulimuwekea Maman sarafu mukononi: “Chunga feza yangu. Nitaifuata.” Akaishonea ndani ya kikwembe chake cha kujifunga kiunoni. Tangu siku hiyo hakufunga mulango kwa komeo, eti usije ukarudi ukakuta pamefungwa. Waporaji waliingia, wakabeba redio na masufuria, na bado hakufunga.

Halafu Tonton, ndugu yako, akarudi toka Lubumbashi. Akasema amekuona kule, uko na bibi mwingine na mutoto muchanga. Maman alimucheka. “Bwana yangu hawezi kuacha feza yake. Iko hapa.”

Nilitaka kumufunga Tonton kinywa, nionyeshe uliacha feza ya kweli. Nikaipeleka sarafu kwa fundi wa pete sokoni, Maman kando yangu, nikamwambia aikate. Ndani ilikuwa shaba tupu. Fundi aliigeuza polepole. “Hii niko naijua,” akasema. “Muzee wenu aliniletea ya kweli mbele ya kusafiri, nimutengenezee mufano wake wa shaba wa kupakwa feza.”

Kumbe ulijua hutarudi. Ungetuaga tu, Papa, tungelia na tungemaliza. Ulitufundisha kukata kila kitu, na ulijua vizuri wewe hatutakukata. Hiyo njo inaniuma kuliko huyo bibi yako.

Jioni Maman alifunga komeo, akalala usingizi muzuri.

Baki salama huko. Kama siku moja utapita Bukavu, gonga, sawa vile wageni wanagonga.

Mutoto wako wa kwanza