Utepe Kwenye Chupa Yangu

Mama yangu, shikamoo. Hapo Masasi mnaendeleaje? Kifua chako kimepata nafuu? Mikorosho imeanza kutoa maua? Mimi huku Dodoma mwili ni mzima, ila moyo unachemka. Ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ningefoka, na wewe hujanikosea kitu.

Unakumbuka nilikueleza kazi yangu ya maabara: nayeyusha chumvi ya chuma kwenye maji, nafukuza hewa kwa gesi ya naitrojeni, kisha nadondosha dawa tone kwa tone mpaka maji yanageuka meusi tii. Weusi ule ni chembe za chuma, ndogo hata jicho halizioni, za kusafishia maji ya visima. Zikiguswa na hewa tu, zinashika kutu, kwa hiyo nazikausha na kuzifungia kwenye chupa isiyopitisha hewa. Nilibakiza kuzijaribu, nimalize masomo, nije kumchukua mwanangu Rehema.

Juzi akaja mgeni rasmi. Msimamizi wangu, Daktari, akafunga utepe mwekundu shingoni mwa chupa yangu. Nikamfuata pembeni.

"Daktari, ile haifunguliwi."

"Somoe, maabara ilishazinduliwa mwaka jana. Sasa mgeni rasmi atafungua nini? Dakika moja tu, usituaibishe."

Mgeni akakata utepe, akang'oa kizibo, akachungulia. Chupa ikapita mkono kwa mkono, kila mtu na picha yake. Unga mweusi ukaanza kuwa wa kahawia.

"Jamani, unabadilika rangi!" akasema mama mmoja, na wote wakapiga makofi.

Wanashangilia kazi yangu ikifa! Eti mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi sikupona, Mama. Nilirudishiwa chupa ya kutu, bado ina joto la kushika kutu, nikapewa na soda.

Dawa ya kudondoshea imekwisha, na inaagizwa kutoka nje ya nchi. Daktari ananiuliza, "Si utatengeneza nyingine?" kana kwamba nakaanga maandazi. Na wewe usinijibu kwamba mvumilivu hula mbivu. Nimevumilia, mbivu wamekula wageni.

Nisalimie mjomba aliyenisindikiza stendi, na shangazi anayemsuka Rehema.

Rehema mwenyewe usimwambie tena kwamba mama anakuja kesho. Mwambie haijulikani lini. Akilia, mwache alie. Hata mimi nalia.

Binti yako mwenye hasira,
Somoe