Imondo Iliyokataa Kushuka

Kambi ya Wakata Miwa,
Matungu, Kakamega.
16 Juni 2024

Mpendwa Senje Edah,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye miwa. Magoti yako yanaendeleaje na baridi ya Mautuma? Mahindi yalisimama tena baada ya ile mvua ya mawe? Mimi natembea na kazi naenda, kwa hiyo watu wananihesabu mzima.

Ningekupigia simu, lakini tunalala wengi chumba kimoja, na jambo hili si la kusikizwa na wanaume. Mama pia siwezi kumwambia. Wewe ndiwe dada wa baba, wewe ndiwe uliyeniozesha Lynette, na kwetu mambo ya kitanda hupelekwa kwa senje.

Umesikia amerudi kwao na mtoto. Labda umesikia pia nina mwanamke huku. Sina.

Ilikuwa Pasaka, nimefika nyumbani. Alinichinjia ingokho, kuku mzima, akaniwekea imondo juu ya nyama, ile firigisi ya mwenye nyumba. Sikuwa na njaa hata kidogo. Nikaitia mdomoni, ikakataa kushuka. Nikampa mtoto. Lynette akanitazama, akasema, "Sawa, baba. Aliyekupikia kabla yangu anajua kupika." Nikacheka vibaya. Tulipolala, mwili wangu ukawa kama gunia. Akageukia ukuta. Asubuhi akafunga nguo zake.

Simlaumu. Hata mimi ningewaza hivyo. Mwanamume asiyekula kwake, watu husema ameshiba kwingine.

Ukweli ni huu, Senje. Huku tunatafuna miwa tangu alfajiri ili mkono usilegee, na jioni obusuma, ugali wetu, unaingia tumboni kama mzigo unaopakiwa kwenye trela. Kwanza niliacha kusikia ladha ya chakula. Kisha nikaacha kumwota Lynette. Sasa hata mshahara ukifika, wenzangu wanaimba, mimi nimekaa tu. Nilidhani hamu ya mtu humngoja mahali pake kama mbuzi aliyefungwa. Kumbe hukata kamba ikaenda, na wewe usijue ni lini.

Daktari wa zahanati alinipima damu, hakuona ugonjwa. Akaniuliza, "Siku hizi ni nini kinakufurahisha?" Nikashusha mkono wa shati, akaita mgonjwa mwingine.

Niliyemdokezea ni Mubarak tu, mwenzangu wa Mumias. Akasema, "Wallahi, nyamaza hivyo hivyo! Wacha waseme uko na mwingine, utaitwa dume. Ukisema ukweli, hawa watu wanachekanga mtu mpaka matangani kwake." Nilitaka kumsikiliza. Lakini nikinyamaza, Lynette ataolewa kwingine akiamini nilimdharau.

Tafadhali nenda kwao kabla baba yake hajaita wazee. Mkae wawili tu. Mwambie yote, hata la gunia. Aibu yangu iishie kwake.

Akiuliza kama namtaka, usinipambie maneno. Mwambie hamu haijarudi na sijui kama itarudi. Mwambie nimepoteza vingi huku bila kuumia, ila kumkosa yeye kunaniuma.

Nisalimie mzee wako Cornelius, Mama, na Wendy aliyejifungua. Mungu akulindie magoti hayo, maana nimeyatuma mbali.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye,
Onesmus