Benzi ya Baba Bado Inapanda Mlima

Githongo

Kwa kaka yangu Kiunga,

Pokea salamu zetu kutoka kwenye baridi ya huku. Natumai wewe, shemeji na watoto ni wazima huko Embu, na kile kikohozi kimekuachilia. Sisi hatujambo. Mama naye ni mzima, na ndiye sababu ya barua hii. Nimeandika kwa kuwa kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika mwisho.

Ni habari ya Benzi ya marehemu baba. Najua umemwambia mnunuzi wa vyuma aje Jumamosi. Ulisema injini imekufa, inafuka moshi, haipandi hata mlima wa kiwanda cha kahawa, na tena hapa nyumbani hakuna wa kuiendesha. Moyo uliniuma, kwa maana kila ulipotaja kuiuza mama aliinuka akaenda jikoni.

Basi nikamwita Suhail, fundi wa dizeli wa Meru mjini. Usikasirike. Aliisikiliza akasema haijafa, ila pampu inachelewa kupeleka dizeli kwenye silinda. Alifungia juu ya pampu kijibomba kilichopinda cha kupimia, akazungusha injini kwa mkono, polepole, akitazama dizeli ikipungua hadi ikawa tone moja moja, ishara kwamba pampu ndipo inaanza kusukuma. Hapo akanionyesha puli, lile gurudumu la mbele ya injini: alama ilikuwa imeshapita mahali pake. Kilichomshangaza ni kuwa nati za pampu zilikazwa vizuri. Alisema pampu haikulegea yenyewe, kuna mtu aliirudisha nyuma makusudi. Nikaanza kuwalaani mafundi wote wa barabarani.

Mama alikuwa amesimama hapo na birika la chai. Akaniambia niwaache watu wa wenyewe.

“Ni baba yenu,” akasema. “Aliipunguza nguvu ndio isinikimbie nikijifunza.”

Kaka, nilikaa chini. Kumbe zile jioni walizosema wanakwenda kuangalia kahawa, baba alikuwa akimfundisha mama kuendesha! Alimwambia mwenda pole hajikwai, na akizoea atairudishia nguvu zake. Kifo kikamtangulia. Mama akaogopa kutuambia, asije akachekwa na watoto wake. Nililia, na sioni haya kukwambia.

Suhail aliisogeza pampu, akapima matone tena mpaka alama zikakutana. Injini iliwaka bila moshi. Mama akapangusa mikono kwenye leso, akaomba ufunguo. Suhail alikaa kando yake, mimi nyuma nikiomba Mungu, na mlima wa kiwanda tukaupanda mpaka juu.

Kwa hiyo mwambie mnunuzi asijisumbue. Mama ameanza shule ya udereva, na amesema akipata leseni safari ya kwanza ni kwako. Nawe amekutengea kiti cha nyuma, kwa vile unasema sana.

Wasalimie wote, na shemeji mwambie achemshe mahindi na maharagwe, githeri ya kutosha.

Ni mimi dadako akupendaye,
Kaari