Upepo Chini ya Vigae

Halifax, Januari

Dada yangu Gwenllian,

Mguu wangu umepata nafuu, na paka wa jirani amezaa tena. Kile chumba cha darini alichonitengenezea binti yangu Bethan kilianza kudondosha maji juu ya vitabu vyangu. Mumewe, Darren, akacheka: "Mzee, ni pumzi zako hizo, na birika lako!"

"Sasa niache kupumua, mwanangu, au niache chai?"

Bethan hakucheka. Alisema unyevu utaniharibia kifua, akaweka mezani picha za makao ya wazee.

Nikamwonyesha Darren kosa. Kwa kuogopa baridi, alikuwa ameisukuma sufi ya kuzuia baridi darini mpaka kwenye upenu, ikaziba njia ya hewa. Mvuke wa chumbani ulipanda, ukakutana na baridi ya paa, ukageuka maji. Darren ameivuta sufi nyuma, akaacha uwazi wa inchi mbili chini ya vigae. Sasa upepo unapita huko juu ukivuma kama ule wa kwetu Wales, nami nakosa usingizi kwa kuusikiliza.

Dari imekauka kabisa. Zile picha bado zipo mezani.

Hivi, huko nyumbani, katika chumba cha mama siku hizi analala nani?

Kaka yako asiyekusahau,
Emrys