Walikremu Meza

Jumatatu, 3 Machi

Kawangware, darasa la udereva. Kama kawaida. Bodi iko mezani, ule mji mdogo wa barabara za rangi, na kagari ka plastiki. Wanafunzi wanaimba: "Nakaa leni ya kushoto, naangalia kioo, naweka indiketa." Miaka yote nawaimbisha hivyo. Wanapita. Mimi nalipwa.

Leo aliyefagia alirudisha bodi ikiwa imegeuka. Nekesa, mama wa chapati wa Laini Saba, akaingiza kagari raundabauti upande wa kulia. Mdomo unasema kushoto, mkono unaenda kulia. Wengine vilevile. Wamekariri tu. Walikremu meza, si barabara.

Chakula kimenishinda.

Jumanne, 4 Machi

Niandike ukweli. Mwaka jana Ouma, mwanafunzi wangu, alipata leseni. Wiki hiyohiyo akaingia raundabauti vibaya na pikapu, akavunja mguu wa mtu wa mkokoteni. Nikaambia watu Ouma ni mjinga. Uongo. Alijua majibu yote niliyompa. Kuendesha sikumfunza.

Jumatano, 5 Machi

Nimegeuza bodi mwenyewe. Nauliza kwa nini. Kwa nini unangoja gari ya kulia ipite? Wanaanza wimbo.

Nekesa amewaka. "Mwalimu, mtihani ni kesho kutwa! Kazi ya gari ya shule inaningoja, na wewe unaniletea kwa nini, kwa nini!" Wenzake wakacheka.

Bosi akaingia. "Mzee, rudisha bodi ama ubaki kwako Kibera."

Sirudishi. Afanye atakalo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimewatoa nje. Kila mtu ni gari, pipa la maji katikati ndiyo raundabauti. Wamegongana, wametukanana. "Wewe lori, songa!" Halafu Nekesa akasimama ghafla. "Kumbe huyu ako ndani tayari. Nikijiingiza atanimaliza." Sikuwa nimemwambia.

Bosi amenifuta kazi hapohapo. Msamaha sikuomba. Si yeye niliyemkosea.

Ijumaa, 7 Machi

Nekesa amepiga simu. Ameanguka mtihani. Alieleza polepole, kwa maneno yake. Ofisa alitaka wimbo.

Nimeumia. Lakini bodi ningeigeuza tena.

Jumamosi, 8 Machi

Nekesa amekuja kwangu Kambi Muru. Bado amenuna. Gari ya shule itamngoja mpaka arudie mtihani. Anataka nimfunze, lakini si kuimba.

Tumepanda mpaka barabara ya Ayany, tukasimama kando ya makutano. Anataja gari itafanya nini kabla ifanye.

"Huyo atasimama." Ikasimama.

"Huyo ataingia tu, haangalii." Ikaingia. Honi kila upande.

"Huyo alikremu," akasema.

Labda ni mwanafunzi wangu.