Ulezi Nilioung'oa

Mpendwa dada,

Wengi tunakosea tunaposikia mfano wa ngano na magugu. Tunadhani mwenye shamba aliyaacha magugu kwa huruma, kisha tunajiweka mahali pake, kana kwamba sisi ndio tunaosubiri. Sivyo. Aliwazuia watumwa wake wasiyang'oe kwa sababu hakuyaamini macho yao. Nimeufafanua mfano huu kanisani hapa Bukiriro miaka mingi, nami sikuuelewa mpaka Jumamosi, tulipokuzika.

Unakumbuka shamba la ujamaa, mwaka ule wa vita? Nilikuwa mwalimu kijana na katibu wa kijiji. Niliwaongoza watu kupalilia ulezi ukiwa bado mchanga. Ulisimama nyuma yangu ukacheka.

"Mdogo wangu, unang'oa nini?"

"Magugu, dada."

"Huo ndio ulezi! Gugu ni hilo uliloliacha. Yanafanana mpaka yatoe masuke. Chuoni hamkufundishwa kungoja?"

Watu walicheka. Nami, niliyelelewa nawe tangu mama afariki, nilikuwekea kinyongo.

Wanaume wengine walikuwa wamekwenda vitani. Baadaye kidogo nawe ukaacha kuja shambani, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mkutanoni nikasimama na daftari la mahudhurio, nikalisoma jina lako mbele ya kijiji kizima, nikakuita kupe. Hukujitetea. Ulisema tu, "Nimesikia, Mwalimu." Kabla ya hapo, siku zote uliniita mdogo wangu.

Ulinyimwa fungu la mavuno, ukabebeshwa mawe ya kujengea darasa. Jina la Kupe likakuganda. Hata watoto wa juzi walikuita Bibi Kupe bila kujua lilikotoka. Mimi niliendelea kukuamkia shikamoo, nawe ukiitikia marahaba kwa upole, nikajisifu moyoni kwamba nimekusamehe. Eti nimekusamehe, dada!

Jumamosi, udongo ukiwa bado mbichi, Mama Filemoni alinishika mkono. Unamjua, mjane wa yule jirani ambaye hakurudi kutoka vitani.

"Mwalimu, huyu ndiye aliyenilimia shamba mume wangu akiwa vitani. Mimi na wenzangu watatu, sote tukiwa na watoto wachanga mgongoni. Hukujua?"

"Mbona hakusema?"

"Angesema, ungetuandika na sisi kuwa kupe. Kulima vishamba vyetu wakati shamba la kijiji linangoja? Alituambia, 'Mwacheni mdogo wangu. Mavuno yatasema.'"

Nikakaa chini palepale kaburini na suti yangu, watu wakadhani ni uchungu wa msiba. Ulikuwa mshtuko. Umri wangu wote nilijiona mwenye shamba, mvumilivu, mwenye haki ya kuhukumu. Kumbe nilikuwa yule mtumwa mwenye haraka, na nilikuwa nimeshang'oa.

Kinachonitesa zaidi ni kidogo sana. Kutoka kwangu hadi mlangoni kwako ni migomba michache tu. Sikuwahi kuvuka nikakuuliza ulikuwa wapi.

Jumapili hii nitasimama kanisani niwaeleze wote, na jina la Kupe halitaitwa tena. Msalabani pako nitaandika jina ulilobatizwa. Pumzika, dada, mavuno yamesema.

Nawe unayeisoma barua hii baada yake: leo, nenda kwa yule uliyekwisha kumhukumu, umwulize alikuwa wapi.

Mdogo wako