Insha Juu ya Ukimya wa Mama

Jumatatu, 2 Oktoba 1961
Foleni ya maji, uji, daftari. Wiki ya nne kambini na Wakasai wenzetu, tuliofukuzwa mjini kwa ajili ya kabila letu. Chuoni siendi tena, ila insha ya saikolojia naiandika: linganisha nadharia kuu. Mfano wangu ni Mama. Hajasema neno tangu tukimbie nyumba.

Jumatano, 4 Oktoba
Nadharia ya kwanza: kidonda kiko utotoni, kichimbue. Nimemuuliza utoto wake, ndoto zake. Kanitazama, kaendelea kuchambua maharage.

Ijumaa, 6 Oktoba
Ya pili haijali ya moyoni. Inaangalia tendo tu: tendo likituzwa, litarudi. Nikaizuia sukari. Neno moja, kijiko kimoja. Mama mzazi, nikamfanya mbwa wa maabara! Kanywa chai bila sukari. Mama Ngalula wa hema la jirani kaona yote.
"We mutoto, masomo yako iko namna hiyo?"
Aibu tupu.

Jumapili, 8 Oktoba
Ya tatu: mtu si mashine, kaa naye, msikilize. Nimsikilize vipi asiyesema? Nimekaa tu, nimekasirika.
Mchana lori la askari limepita nje ya kambi. Mama kaziba mdomo kwa kitenge. Hivyo hivyo alivyofanya siku ile tulipokimbia, kwenye kizuizi cha askari barabarani. Ndipo nikakumbuka. Ni mimi niliyemnong'oneza pale: "Mama, usiseme kintu. Bakisikia sauti yako, batajua tuko bantu ya Kasai."
Askari wakamshusha garini Kalala, mdogo wangu, wakaenda naye. Mama hakumwita hata jina. Alinitii. Mpaka leo ananitii. Kurasa kumi na mbili nimeandika juu yake, mimi mwenyewe simo hata mstari mmoja. Najichukia.

Jumatatu, 9 Oktoba
Asubuhi nimepiga magoti mbele yake. "Mama, sema sasa. Kunyamaza ilikuwa ya pale tu."
Kaweka maharage chini. Kisha, kwa sauti iliyokwaruza:
"Basi uniambie. Kalala iko wapi?"


Alhamisi, 12 Oktoba
Mama anaongea na Mama Ngalula, kidogo kidogo. Kwangu ana swali lilelile kila asubuhi, nami nainamisha kichwa. Insha sitaimaliza. Kurasa zile tumewashia moto wa chai.
Sukari yote iliyobaki nimemtilia yeye.